Uso wa Yatima Si Risiti

Kila Jumatano ya Majivu tunasomewa sura ya sita ya Mathayo. Tunaambiwa tusitangaze sadaka kwa tarumbeta, tusali chumbani mlango ukiwa umefungwa, tufunge tukiwa tumenawa uso na kujipaka mafuta ili mtu asijue. Injili ikiisha tunapanga foleni, tunachorwa msalaba wa majivu kwenye paji la uso, na tunatoka nao hivyo hivyo hadi kazini, sokoni na kwenye daladala. Wapo wanaojipiga picha kabla hawajavuka geti la kanisa.

Mtu asiseme nimeyadharau majivu. Nayapokea kila mwaka, na nitayapokea mpaka siku nitakapokuwa mavumbi mwenyewe. Ninachotaka tukitazame ni hiki: sura moja tu nyuma, katika hotuba hiyo hiyo ya mlimani, Bwana huyo huyo ametuambia tuwe taa juu ya kinara, watu wayaone matendo yetu mema wamtukuze Mungu. Onyesha. Usionyeshe. Na sisi wahubiri, Mungu atusamehe, tumekuwa tukichagua nusu inayotufaa. Tukitafuta bati za kanisa tunahubiri taa, ili wenye uwezo wasimame watamke ahadi zao. Tukitaka kumsuta jirani mwenye mbwembwe tunahubiri chumba. Waumini hawajui washike lipi, na katikati ya kutojua huko umeota uovu ambao leo unaingia kanisani kwa mlango wa mbele na kupigiwa makofi.

Mnaujua. Pasaka, Idi au Krismasi ikikaribia, basi aina ya Coaster linaingia kwenye kituo cha kulelea watoto yatima. Wanashuka watu waliovaa fulana za rangi moja zenye jina la kampuni, la kikundi au la mgombea. Wanashusha mchele, sembe, mafuta ya kupikia, sabuni za mche, katoni za taulo za kike. Mizigo inapangwa chini, bango linafunguliwa nyuma yake. Watoto wanaitwa, wafupi mbele, warefu nyuma. Mmoja wao, mara nyingi yule mdogo kuliko wote au mwenye ulemavu, anakabidhiwa mche wa sabuni, na mtoaji hauachii. Wameushika wote wawili wanaitazama kamera. Picha haikutoka vizuri, inarudiwa. Mtoto anaambiwa acheke. Kisha anapewa kipaza sauti ashukuru, na akishamaliza kushukuru anaulizwa wazazi wake walikufaje.

Jioni ile uso wake uko kwenye simu za watu ambao hatawahi kuwaona.

Mtoto huyo ana miaka tisa. Atafika kumi na tisa, atafika ishirini na tisa. Ataomba kazi, ataposa au ataposwa, atakuwa mzazi. Picha ile itakuwa bado ipo, na chini yake maneno ya huruma yanayomwita asiyejiweza. Sabuni ilikwisha kwa wiki mbili.

Ndugu zangu, wema wowote unaoonyeshwa hadharani una gharama yake, na mimi leo nina swali moja tu la kuwauliza: nani anailipa? Kama unailipa wewe unayeonyesha, simama juu ya kinara uwake, wala mtu asikukataze. Kama anailipa yule unayemwonyesha, umemwibia. Umempa mchele wa siku nne ukachukua uso wake wa maisha yote, na ukaondoka ukiwa umebarikiwa na mchungaji. Hapo ndipo sura ya tano na sura ya sita za Mathayo zinapokutana, na sioni tena ugomvi kati yake.

Mtazameni Zakayo. Alikuwa mkuu wa watoza ushuru, tajiri, mfupi, amechukiwa na mji mzima wa Yeriko. Alisimama mbele ya watu waliokuwa wakinung'unika akatamka kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Bwana hakumwambia aende akayaseme hayo chumbani. Alimwacha aseme, na akatangaza kwamba wokovu umefika nyumba ile. Kwa nini huyu anaruhusiwa tarumbeta? Kwa sababu alichokianika Zakayo kilikuwa wizi wake mwenyewe. Kila mtu wa Yeriko aliyewahi kutozwa zaidi ya haki alipata siku ile ruhusa ya kwenda kumgongea mlango na kudai chake. Hakuna maskini aliyeitwa mbele. Hakuna mjane aliyeshikishwa mfuko. Aliyekuwa uchi pale ni tajiri.

Sasa mtazameni Anania na mkewe Safira. Barnaba alikuwa ameuza shamba na kuweka fedha zote miguuni pa mitume, na watu walikuwa wameona. Hawa wawili wakaitamani heshima ile kwa bei pungufu. Wakauza, wakaficha sehemu, wakaleta iliyobaki kana kwamba ndiyo yote. Petro alimkumbusha Anania kwamba shamba lilikuwa lao na fedha zilikuwa zao, hakuna aliyewadai. Wangebaki nazo zote wala wasingekuwa na kosa. Walikufa kwa sababu ya onyesho. Na mimi nikiangalia daftari za ahadi za harambee zetu, mgeni rasmi aliyeahidi bati mia mbili mbele ya matarumbeta na vigelegele, na bati hazijafika mpaka mvua ya pili imelowesha mimbari, nashukuru kwamba Petro hayupo pale mezani kwa mhasibu.

Halafu yuko mjane wa senti mbili. Nisikilizeni vizuri hapa, maana mistari yake tumeisoma mara nyingi mpaka hatuioni tena. Yesu alikuwa ameketi kulielekea sanduku la hazina, anatazama watu wanavyotoa. Alimwona mwanamke yule akitia vyote alivyokuwa navyo. Hakumwita mbele. Hakumuuliza jina, wala mumewe alikufaje. Aliwaita wanafunzi wake akawaeleza wao. Marko hasemi popote kwamba mama yule alijua amesifiwa. Hadithi yake imehubiriwa duniani kote na hakuna mtu hata mmoja anayeijua sura yake. Hivyo ndivyo Mwana wa Mungu alivyomtangaza maskini.

Jamii inayolelewa kwa picha za sadaka inajifunza nini? Mtoto anajifunza kwamba machozi yana soko, na kwamba wakati wa kuyatoa ni kamera ikiwashwa. Mkuu wa kituo anajifunza kwamba watoto wenye sura za kupendeza ndio wanaoleta mchele, kwa hiyo mzee mwenye kidonda kinachonuka, aliyelala nyuma ya soko, hapati mgeni mwaka hadi mwaka. Mama mwenye haya zake mtaani anajifunza kutoomba kabisa. Anaona jirani yake alivyoanikwa, anafunga khanga tumboni, analala. Tunamsifu kwa kujitegemea kumbe tumemtisha.

Na mwenye mali anajifunza kitu kibaya kuliko vyote: kwamba jina linasafishika kwa bei nafuu. Yupo mwajiri ambaye hajalipa mishahara ya miezi mitatu, na Jumamosi yuko kwenye kituo cha watoto anagawa mchele. Mfanyakazi wake yuko nyumbani na watoto wake mwenyewe wasio na mchele, anaitazama picha hiyo kwenye simu. Aandike nini chini yake? Akisema kweli ataambiwa ana wivu, anapiga vita watu wema. Yakobo aliandika kwamba ujira uliozuiliwa unalia, na kilio chake kinafika masikioni mwa Bwana. Lakini masikioni mwetu hakifiki, maana tumeweka spika kubwa mbele.

Kuna mbinu nyingine pia, ya kuchukua kilicho cha watu wote na kukigawa kama zawadi. Kenya walianzisha mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge mwaka 2003, nasi Tanzania tuna Mfuko wa Jimbo ulioanzishwa kwa sheria ya 2009. Fedha hizo ni kodi ya muuza mchicha na ya dereva wa bodaboda. Zinarudi zikiwa madawati, na madawati yanakabidhiwa kwa sherehe, na jina la mheshimiwa limeandikwa ubavuni mwa basi la shule utadhani aliuza ng'ombe wake. Wazazi wanacheza ngoma kushukuru kwa kurudishiwa fedha yao. Mtu akishazoeshwa kushukuru kwa haki yake, hawezi tena kuidai.

Sheria, angalau, imeanza kuona. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Tanzania nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Lakini yatima, mzazi wake nani? Idhini yake inatolewa na mkuu wa kituo, ambaye ghala lake ni tupu na ambaye mchele uko mbele yake kwenye Coaster. Hiyo mnaiita idhini?

Ndugu zetu Waislamu wanalijua jambo hili kwa kina, na tusione haya kujifunza kwao. Sura ya Al-Baqara, aya ya 271, inasema sadaka ya wazi ni njema, na ya kuwafikia mafakiri kwa siri ni bora zaidi. Aya ya 264 inakemea sadaka inayobatilishwa kwa masimbulizi na maudhi, na inamtaja yule anayetoa mali yake kwa ria, ili aonekane na watu. Mwaka 2025, na tena 2026, Ramadhani na Kwaresima zilianza kwa kupishana siku chache tu. Mtaa mmoja wote unafunga, msikitini na kanisani, na wote wameonywa kosa lile lile.

Onyo hilo lina damu ndani yake. Usiku wa tarehe 19 Aprili 2023, Ramadhani ikiwa ukingoni, wafanyabiashara walikuwa wakigawa fedha kwenye shule moja mjini Sana'a, Yemen. Rial 5,000 kwa mtu, karibu dola 9 za Marekani. Mamia ya watu walisongamana, wakakanyagana, na watu wasiopungua 78 wakafa. Na Mkristo asinyooshe kidole. Tarehe 21 Desemba 2024, huko Abuja, Nigeria, watu wasiopungua 10, watoto wakiwamo, walikufa kwenye msongamano nje ya Kanisa Katoliki la Holy Trinity, Maitama, wakisubiri chakula cha Krismasi. Sijui mioyo ya waliogawa. Hukumu hiyo ni ya Mungu, na yawezekana walikuwa watu wema kuliko mimi. Ninachokijua ni kwamba chakula na fedha vina miguu. Vinaweza kupelekwa nyumba kwa nyumba, usiku, na vijana watatu wa jumuiya wanaojua ni mlango upi haujapikiwa. Tumeshazoea kwamba maskini ndiye atembee kuifuata sadaka, akae juani, ahesabiwe. Mkusanyiko wa wenye njaa unapendeza ukitazamwa kutoka jukwaani.

Na jukwaa hilo limejengwa mpaka madhabahuni. Harambee ilipohimizwa na Jomo Kenyatta mwaka 1963 ilikuwa kazi ya mikono na fedha za watu wa kawaida. Shule nyingi vijijini Kenya zilisimama hivyo. Baadaye ikawa mahali pa mwanasiasa kufungua mkoba watu wakihesabu. Julai 2024, vijana wakiwa barabarani wakiandamana, Rais William Ruto alitangaza kuwazuia viongozi wa serikali kushiriki harambee. Novemba 17 mwaka huo huo alikuwa kanisani Soweto, Nairobi, akitoa shilingi milioni 2 za nyumba ya mapadre na 600,000 za kwaya na watoto, na kuahidi basi. Askofu Mkuu Philip Anyolo hakungoja wiki iishe. Jimbo Kuu likatangaza kwamba fedha zitarudishwa na ahadi imekataliwa, pamoja na mchango wa Gavana wa Nairobi.

Wapo walionung'unika, na ninawaelewa. Kwaya ile ilihitaji fedha, nyumba ile ilihitaji saruji. Lakini angalieni nani alilipa. Kanisa lilionyesha msimamo wake hadharani na likapata hasara mfukoni mwake lenyewe. Miaka mitatu kabla, Septemba 2021, Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson Ole Sapit alikuwa Butere, siku ya kusimikwa Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuwa askofu kamili katika kanisa hilo nchini Kenya. Wanasiasa wakubwa walikuwa wameketi mbele. Aliwakaribisha kusali na akawanyima kipaza sauti. Mimbari isiyokodishwa ina hasara, na wahasibu wetu wanaijua hasara hiyo mpaka senti ya mwisho. Tuingie hasara!

Kama mnataka kuona taa juu ya kinara ikiwaka hasa, nendeni nami Uhuru Park.

Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wazee, wakiwa na Profesa Wangari Maathai, walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya kuomba wana wao waliofungwa kwa sababu za siasa waachiliwe. Walipotoka hapo hawakurudi nyumbani. Walikwenda kuketi kwenye kona ya bustani ile katikati ya Nairobi, wakatangaza kwamba hawali. Kufunga hadharani, mchana kweupe, kando ya barabara kuu! Mwenye kusoma Mathayo kwa jicho moja angewaambia wakanawe nyuso zao. Watu wakaanza kufika. Waliokuwa wameteswa vyumba vya giza, ambao hawakuwahi kuthubutu kusimulia hata kwa wake zao, walisimama mbele ya akina mama wale wakasimulia. Tarehe 3 Machi polisi walikuja na virungu na mabomu ya machozi. Maathai alipigwa mpaka akapoteza fahamu. Na baadhi ya akina mama wale, wenye umri wa bibi zetu, walivua nguo zao mbele ya askari waliokuwa rika la wana wao.

Mwafrika haelezwi maana yake. Askari waligeuza nyuso.

Siku iliyofuata walikusanyika tena, safari hii kwenye Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, na chumba cha chini cha kanisa hilo kikawa makao yao karibu mwaka mzima. Mwanzoni mwa 1993 wafungwa karibu wote waliokuwa wakidaiwa walikuwa wameachiliwa. Hapo pana maonyesho ya hadharani kama yapo! Njaa ilikuwa ya matumbo yao, damu ilikuwa ya kichwa cha Maathai, utupu ulikuwa wa miili yao wenyewe. Hawakumtanguliza mtoto wa mtu kubeba bango. Mama yule alijivua mwenyewe, akamwaibisha mwenye nguvu. Yatima wetu tunamvua sisi, akiwa hana nguvu, na mwenye nguvu anatoka pale amevikwa skafu.

Tanzania nayo ina kumbukumbu yake. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na moja ya malalamiko yao lilikuwa mishahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao, jambo ambalo mimi naliona lilikuwa kali mno. Lakini siku ile ile, mbele yao, alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, 1967, likaja Azimio la Arusha na masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba, asiwe na hisa kwenye kampuni. Bishaneni juu ya uchumi wa Azimio mpaka mchoke. Masharti yale yalimbana aliyeyatangaza. Mwaka 1991, Zanzibar, chama tawala kiliyalegeza.

Tangu 1995 tuna Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Kiongozi anatamka mali na madeni yake kwa Sekretarieti ya Maadili kila mwaka. Je, mwananchi anaweza kulifungua tamko hilo kama anavyofungua gazeti? Hawezi, kuna taratibu, kuna masharti. Sasa nisikieni, wapendwa. Mali za mkubwa ziko ndani ya jalada, jalada ndani ya kabati, kabati lina ufunguo. Msiba wa mtoto wa miaka tisa uko kwenye kila simu kutoka Mtwara hadi Bukoba. Chumba cha siri tumempa nani? Na kinara tumempandisha nani?

Nageuza kinara hicho leo, kwa uwezo wa neno tu, maana sina mwingine. Ninyi wazee wa kanisa na wajumbe wa kamati za misikiti, bandikeni mlangoni mapato na matumizi ya kila mwezi, mpaka senti ya mafuta ya gari la mchungaji. Hiyo ndiyo taa. Ninyi wenye viwanda na maduka, mkitaka kusimama mbele ya kamera, simameni siku ya mshahara. Mtu aliyedhulumu na akatubu, aje mbele kama Zakayo, tutampa kipaza sauti na tutampigia makofi mpaka viganja viwake. Mheshimiwa unayekuja na bahasha, karibu, kapu liko pale, linapita kwa wote. Huna haja ya kusoma kiasi. Nanyi vijana wa kwaya mnaokwenda kutembelea wagonjwa Jumamosi hii, simu zibaki kwenye basi. Nendeni mkanawishe, mkafue, mkatie kucha, mkasikilize hadithi ile ile mara tatu. Mkirudi hamtakuwa na cha kuonyesha, na mtu atawauliza mlikuwa wapi.

Najua jibu la wakuu wa vituo, maana wamenijibu hivyo usoni: wafadhili wanataka ushahidi. Bila picha wanasema mchele umeuzwa. Na wana sababu, kwa kuwa wapo wanaouza mchele. Basi wapeni ushahidi unaofanana na kitu kinachothibitishwa. Mchele ulioingia ghalani una hati ya kupokelea, una tarehe, una sahihi ya mtunza ghala. Ada iliyolipwa ina risiti ya shule. Ukitaka picha, piga magunia, piga paa jipya, piga tangi la maji. Mfadhili aje mwenyewe bila kutangaza, ale na watoto mezani, ahesabu sahani. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ipo, imuulize maswali magumu mkuu wa kituo. Ukaguzi wa namna hiyo unamkamata mwizi. Picha ya mtoto anayecheka haijawahi kumkamata hata mmoja. Mwizi mwenyewe ndiye aliyeipiga.

Akija mfadhili akayakataa hayo yote, akashikilia kwamba lazima mtoto asimame mbele ya bango na gunia, mrudishieni gunia lake. Najua uzito wa ninachokisema. Gunia la kilo hamsini kwenye kituo chenye watoto arobaini si jambo la kuhubiriwa kirahisi na mtu aliyekula mchana. Kwa hiyo sitawaachia wakuu wa vituo mzigo huo peke yao. Siku gunia litakaporudishwa, tuma ujumbe kwa parokia iliyo jirani na kwa msikiti ulio jirani, useme kiasi kilichorudi tu. Jumapili hiyo hiyo, na Ijumaa hiyo hiyo, kapu lipite mara ya pili, bila orodha, bila mgeni rasmi, na unga ufike kituoni kabla ya chakula cha jioni.